Kwanza Igizo, Kisha Jina

Mtoto wa miaka sita anayemwambia mwenzake "wewe uwe mama, mimi niwe daktari" amekwisha kugawa wahusika. Akijifunga kanga ya dada yake ili aonekane mtu mzima, amevaa maleba. Akichora mstari mchangani na kutangaza kwamba huku ni hospitali na kule ni nyumbani, amejenga mandhari, na ole wake mwenzake atakayeukanyaga mstari huo bila kupitia "mlangoni". Yote haya huyafanya bila neno hata moja la kitaalamu. Kisha huingia darasani akakuta ubao umejaa: tamthilia, mhusika, maleba, jukwaa, onyesho, kila moja na maana yake mkabala, naye huambiwa anakili. Wiki mbili baadaye huulizwa maleba ni nini, akajibu vizuri kabisa, lakini haijampitikia kwamba ile kanga ya juzi ilikuwa maleba. Dai langu katika sura hii ni kwamba kosa letu liko kwenye mpangilio. Tunatanguliza jina mbele ya kitu, ilhali kitu chenyewe mtoto anacho tayari.

Kuna njia ya kuanza bila ubao. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho cha mwaka 1976, waliuliza ni vitu gani ambavyo vikikosekana hakuna sanaa ya maonyesho, wakabakiwa na vinne: jambo linalotendwa, mtu wa kulitenda, uwanja wa kulitendea na watu wa kulitazama. Wao walikuwa na hoja kubwa zaidi, kwani walitaka kuonyesha kwamba ngoma, majigambo na masimulizi ya hadithi ya jamii zetu ni maonyesho kamili hata kama hayana pazia wala tikiti. Mwalimu wa darasa la tatu anaweza kuuazima mzani huo kwa kazi nyingine. Chukua ngano yoyote ya Sungura anayemlaghai Fisi, wape watoto wawili waiigize, na uwaamuru wenzao wote wageuke waipe migongo. Halafu iigizwe tena, safari hii Sungura akiwa kona hii ya darasa na Fisi kona ile, madawati yamewatenganisha. Mara ya tatu wasimame mbele ya wote wasifanye lolote. Mara ya nne watoke nje, darasa libaki likitazama sakafu tupu. Kila mara watoto hulalamika, na kila lalamiko linataja pengo: hatuoni, hawako pamoja, mbona hawafanyi kitu, wamekwenda wapi. Hapo ndipo neno linapostahili kuletwa, kwa sababu sasa lina shimo la kuziba. Wanaoona ni hadhira, mahali ni jukwaa, kinachofanyika ni tendo, anayefanya ni mwigizaji. Maneno mengine mengi huning'inia kwenye haya manne: maleba ni ya mwigizaji, mandhari na pazia ni vya jukwaa, onyesho ni kipande cha mfululizo wa matendo. (Kuhusu hadhira mwalimu ajihadhari kidogo. Mtoto aliyezoea kuitikia "Pakawa" kila mtambaji anaposema "Paukwa" hataamini upesi kwamba hadhira ni watu waliokaa kimya gizani, na hana kosa.)

Zoezi kama hilo lina ndugu zake mbali na kwetu. Viola Spolin, mwalimu wa Marekani aliyechapisha kitabu chake cha michezo ya uigizaji mwaka 1963, alianzia Chicago katika kazi iliyomkutanisha na watoto wa wahamiaji. Badala ya kuwapa wanafunzi istilahi za mandhari, mhusika na tendo, aliwauliza maswali matatu: wapi, nani, nini. Mtoto akishindwa kujibu kwa mwili wake, mchezo haukusonga. Ninachokiona kwake ni kwamba swali la kawaida linaweza kubeba mzigo wote wa istilahi kabla istilahi haijatajwa.

Kiswahili nacho kinamsaidia mwalimu kuliko tunavyokiri. Istilahi zetu nyingi hazikushushwa kutoka mbali, bali zimekaa jirani na maneno ambayo mtoto huyatumia kila siku. Anayejua kuiga yuko hatua moja tu kutoka kuigiza, igizo na mwigizaji. Anayeona anaweza kuonyesha, na alichoonyesha ni onyesho. Hata yale yaliyotoka Kiarabu yana ndugu nyumbani. Kila asubuhi mwalimu hufungua daftari la mahudhurio, na hadhira si wengine ila waliohudhuria. Tamthilia inatoka katika shina moja na methali na mithili, yote yakibeba wazo la kitu kinachosimama badala ya kingine kwa kufanana nacho. Neno tanzia ndilo lenye faida kubwa zaidi. Mtoto amelisikia katika matangazo ya vifo, pengine ameona watu wazima wakinyamaza ghafla ili wasikilize jina la marehemu, na ukimya huo unamfundisha uzito wa tanzia kuliko maelezo kwamba ni "mchezo wenye mwisho wa huzuni". Lakini undugu wa maneno una mipaka. Jukwaa analolijua mtoto huenda likawa la wanasiasa, lenye turubai na vipaza sauti, na asipoonyeshwa atadhani pasipo mbao hapana jukwaa. Mchezo nao unamkumbusha mpira. Na shina la neno halitamwokoa na mkanganyiko mkubwa kuliko yote, ule wa mhusika na mwigizaji. Dawa yake ni kubadilishana: Fisi yule yule aigizwe na watoto watatu kwa zamu, mmoja mwoga, mmoja mlafi, mmoja anayechechemea. Fisi ni mmoja, waigizaji watatu. Hapo hakuna anayehitaji maana ya kukariri.

Je, kutenda kunasaidia kukumbuka kweli, au ni imani ya watu wa sanaa tu? Tangu miaka ya 1980 mwanzoni, watafiti wa kumbukumbu kama Ronald Cohen nchini Kanada na Johannes Engelkamp nchini Ujerumani wamelinganisha watu wanaosikia tu maagizo mafupi, tuseme "vunja njiti ya kiberiti", na wale wanaoyatenda papo hapo. Waliotenda hukumbuka maagizo mengi zaidi, na matokeo hayo yamerudiwa mara nyingi. Mpinzani ana haki ya kusema kwamba kuvunja njiti si kuelewa istilahi, na ni kweli: majaribio hayo yalipima kumbukumbu ya vitendo vidogo, hayakupima ufahamu wa dhana. Basi ninayachukua kwa kiasi chake. Yanathibitisha kwamba mwili huacha alama katika kumbukumbu. Kwamba alama hiyo ipewe jina sahihi, hiyo ni kazi ya mwalimu, na ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema watoto waachwe waigize tu bila istilahi. Asiye na neno "mandhari" atasema "ile picha ya pale nyuma", na siku pale nyuma pasipokuwa na picha hatakuwa na la kusema, ingawa mandhari ipo katika mwendo na maneno ya wahusika. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile, hakuhitaji mto Rufiji uletwe ukumbini ili mhusika wake mkuu aingie majini.

Pingamizi linalosikika zaidi ni la idadi na mtihani. Darasa la watoto 70 halina nafasi ya kuigiza, na mtihani unataka fasili. Kuhusu nafasi, zoezi la mapengo linahitaji waigizaji wawili tu, waliobaki wote wana kazi nzito ya kuwa hadhira, na uwanja wa shule haujawahi kubana. Kuhusu mtihani, fasili iandikwe, ila ije mwishoni na itungwe na watoto wenyewe kabla ya kusahihishwa. Wengine hutaja tofauti za istilahi, kwani anayeitwa mwongozaji Tanzania mara nyingi ni mwelekezi Kenya. Hilo linamsumbua aliyekariri. Aliyewahi kumpanga mwenzake asimame wapi anamtambua mtu huyo kwa jina lolote. Pingamizi ninalolipa uzito ni la maneno yasiyoshikika. Mgogoro unaigizika, weka kiti kimoja na watoto wawili wanaokitaka. Dhamira haiigiziki hivyo, na kinaya kinataka umri. Hayo yangoje.

Kuna mahali ambapo hata undugu wa maneno hutuacha, nako ni kwenye maelekezo ya jukwaani. Katika majumba ya zamani ya Kiingereza sakafu ya jukwaa iliinamia hadhira, kwa hiyo kwenda mbali na watazamaji kulikuwa kupanda, na lugha yao bado inaita upande huo wa juu. Tukilitafsiri hivyo, mtoto atapanda juu ya dawati. Tukisema "nyuma ya jukwaa", atatoka kabisa akajifiche na wanaobadili nguo. Kulia na kushoto ni vilevile: kwa desturi hiyo hiyo ni kulia kwa mwigizaji anayeielekea hadhira, na waliokaa huona kinyume. Chora mstatili kwa chaki sakafuni, mweke Fisi katikati akiwatazama wenzake, mwambie apige hatua tatu kulia, kisha waulize waliokaa ameelekea upande gani. Watabishana. Usiwaamulie. Wapishe, waliokaa wasimame alipo Fisi na Fisi akae alipokuwa mmoja wao, kisha swali liulizwe tena.