"Te quiero" kwenye daftari la mume wangu

Nilidhani nimefumania. Kumbe nilikuwa nimefungua somo la sarufi, na somo lenyewe lilikuwa linanihusu mimi.

Shoga zangu, kuna vitu ukivikuta usiku usingizi unahama nyumba. Mimi changu nilikikuta mwezi Januari kisiwani Mafia, chini ya mto wa mume wangu. Daftari la bluu, la shule kabisa. Nikafungua katikati. Kalamu nyekundu, mwandiko wake, hauna ubishi: "Te quiero. Me quieres. Nos queremos."

Mi Kihispania sikijui hata salamu. Lakini simu ninayo, na ndani ya simu kuna programu ya kutafsiri. Nikaandika neno kwa neno, mkono unatetemeka. Jibu likaja: nakupenda, unanipenda, tunapendana.

Kha! Nikakaa kitandani.

Ngoja niwaeleze tulivyokuwa tunaishi. Tuna miaka mitatu ya ndoa. Mimi niko Dar, nafanya kazi benki. Yeye ni mtu wa Kilindoni, kazi yake ni kuwatembeza wageni baharini. Kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi ndiyo msimu wa papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, na huyo bwana hatoki majini. Dar na Mafia kwa ndege ndogo ni nusu saa tu, lakini nauli yake si ya kila wiki. Njia nyingine ni basi mpaka Nyamisati, kisha boti. Kwa hiyo ndoa yetu ilikuwa ya simu, likizo na Idd. Mara hii nilikwenda bila kutoa taarifa, nimfanyie sapraizi. Sapraizi ikanikuta mimi.

Neno la kuombea maji

Alirudi saa kumi jioni, chumvi imemkauka kwenye nyusi. Hakuniona vizuri hata usoni, nikamuuliza:

"Huyu ni nani?"

"Nani tena?"

"Huyu Te Quiero wako."

Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Mi sikucheka. Alipoona sicheki, akanyamaza.

"Mke wangu," akasema, "hilo ni neno la kuombea maji."

Akaanza kueleza. Wageni wanaokuja kuogelea na potwe si Waingereza tu. Wanakuja Waitaliano, Wafaransa, Wahispania. Na Mhispania akipanda boti, maneno yake ya kwanza ni "quiero": quiero agua, nataka maji. Quiero ver el tiburón ballena, nataka kumwona papa potwe (wao wanamwita "papa nyangumi"). Yeye kazi yake ni kuwaambia wasimguse samaki, wakae mbali na mkia, wasiruke kwa vishindo. Mtu asiyekuelewa akiwa majini ni hatari kwake na kwa samaki. Ndiyo maana akaamua kujifunza, kwa kitabu cha sarufi ambacho mgeni mmoja alikiacha na kwa simu usiku.

"Sasa 'nataka maji' imekuwaje 'nakupenda'?" nikauliza.

"Ni kitenzi kilekile. Querer. Kutaka na kupenda, wao wanatumia kimoja."

Wanawake wenzangu, ningekuwa nyie nisingeamini. Kwetu hayo ni maneno mawili yenye heshima tofauti. Ukimwambia binti wa watu "nakupenda" unapeleka barua ya posa. Ukimwambia "nakutaka" hapo barazani Kilindoni, utakimbizwa na kaka zake mpaka bandarini. Nikamwambia hiyo ni hadithi nzuri, akaiuze kwa mwingine.

Mama mkwe alikuwa chumba cha pili, anasikia kila kitu. Asubuhi nilipomwamkia "shikamoo mama", akaitikia marahaba, kisha akaniambia polepole: "Mwanangu, daftari halijibu. Lisome lote kwanza, ndiyo uje ugombane."

Mume wangu alipoondoka kwenda baharini, nikakaa barazani na chai yangu. Nikalisoma lote.

Kiatu

Mwanzoni nilikuwa natafuta ushahidi. Baada ya saa moja nikajikuta nimenogewa. Kuna maneno yalikuwa kama ndugu waliopoteana. Meza yetu, kwao ni mesa. Bendera, bandera. Hilo lina sababu. Wareno waliingia pwani hii na Vasco da Gama mwaka 1498, na mpaka walipopoteza Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698 walikuwa wametuachia maneno kibao. Kireno na Kihispania ni mtu na mdogo wake.

Ila kitenzi kile kilinitoa jasho. Sisi kitenzi chetu hakina visa. Penda: ninapenda, unapenda, anapenda, tunapenda. Mzizi umetulia, viambishi ndivyo vinavyohangaika mbele. Querer siyo. Mzizi wenyewe unavunjika:

Mimi: quiero.
Wewe: quieres.
Yeye: quiere.
Sisi: queremos.
Ninyi: queréis.
Wao: quieren.

Umeona? Mimi, wewe, yeye na wao, sauti ya "e" inapasuka inakuwa "ie". Sisi na ninyi, inabaki nzima. Sababu ni mkazo wa sauti. Mkazo ukiangukia kwenye mzizi, mzizi unapasuka. Mkazo ukihamia mwishoni, mzizi unapumzika. Walimu wa Kihispania wanachora mstari kuzunguka zile nne zinazovunjika, linatokea umbo la kiatu. Mume wangu naye alikuwa amekichora, kiatu cha kalamu nyekundu, na "sisi" iko nje ya kiatu.

Nikaangalia ule mchoro kwa muda. Mimi, navunjika. Wewe, unavunjika. Sisi, mzima. Niliona aibu kidogo kwa vile nilivyokuwa nimeingia nyumbani kwa watu jana yake.

Msicheke Kihispania lakini. Na sisi tuna vyetu. Mwambie Mzungu anayejifunza Kiswahili kwamba tunasema "ninakula" halafu "sili", "nikila", "nile", ile "ku" inakuja na kuondoka inavyotaka. Mwambie kwamba amri ya kuja ni "njoo". Atakuuliza imetoka wapi, na wewe utaishia kusema "ndivyo tulivyoikuta".

Sentensi ya ukurasa wa mwisho

Nikafika kwenye wakati uliopita. Hapa, wapenzi wasomaji, ndipo penyewe.

Kihispania kina njia mbili kubwa za kusema jambo lililopita. Moja ni ya tendo lililofungwa, limetokea likaisha, kama "-li-" yetu. Nyingine ni ya hali iliyokuwa inaendelea, kama tunavyosema "nilikuwa na-". Kwa querer, ya kwanza ni quise, quisiste, quiso. Mzizi umebadilika kabisa, humtambui. Ya pili ni quería, querías, quería, mpole, haina mikwara.

Lakini tofauti haiishii kwenye sura. "Quería" ni nilikuwa nataka, moyo ulikuwa hapo. "Quise" mara nyingi ni zaidi ya kutaka, ni kwamba nilijaribu. Na ukiikanusha, "no quise", haiwi "sikutaka" ya kawaida, inakuwa "nilikataa". Mlango umefungwa na funguo imetupwa.

Mume wangu alikuwa amejitungia sentensi za mazoezi chini ya kanuni hiyo. Moja ya maji, moja ya boti. Ya tatu ilikuwa hii: "Quise traer a mi mujer a Mafia. No quiso."

Sikuhitaji simu. Kwa yale niliyokwisha soma niliielewa mwenyewe: nilijaribu kumleta mke wangu Mafia. Alikataa.

Chai ikapoa.

Maana ni kweli. Mwaka wa kwanza wa ndoa aliniomba nihamie. Akaniambia Kilindoni ni makao makuu ya wilaya, hakukosi kazi, tutajenga taratibu. Nikamjibu kuhusu kazi yangu, mafao, foleni ya kupanda cheo, mama yangu. Sikusema "hapana". Nilisema "tutaona". Nikadhani nimeacha mlango wazi. Yeye usiku, peke yake na kitabu cha mgeni, alikuwa ameuandika umefungwa. Hata hakuandika kwa hasira. Aliandika kama mfano wa sarufi, chini yake tarehe na alama ya vema.

Mwanamke niliyekuwa namtafuta kwenye daftari nilikuwa ni mimi.

Herufi moja

Nikachukua kalamu. Nikakata "no quiso" kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake "no quería". Sikukataa. Nilikuwa sitaki, wakati ule. Ni hali, na hali hubadilika.

Aliporudi jioni nilimpa daftari bila kusema kitu. Akasoma amesimama, maji yanamdondoka. Akasoma tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hujakosea. Ila hujui tofauti yake na querría."

"Ipi tena hiyo?"

"Quería, r moja, nilikuwa nataka. Querría, r mbili, ningetaka. Ukitetemesha ulimi kidogo tu umetoka kwenye jana umeingia kwenye labda."

Tukakaa mpaka usiku, pweza wa nazi katikati yetu, tunatetemesha ndimi kama watoto wa chekechea. Mama mkwe akauliza tunagombana au tunaswali. Tukapitia zote. "Querré", nitataka, nayo ni r mbili, kwa sababu ile "e" ya katikati imemezwa. "He querido", nimetaka, nimependa, sawasawa na "-me-" yetu. Na kutoka hapo ndipo linapatikana "querida", mpendwa. "Quisiera", ambayo mgeni mstaarabu anaitumia kuomba kitu, ni "ningependa" yetu kabisa. Hata sisi tukitaka kuonyesha adabu tunakimbilia "-nge-".

Iliyonigusa ni ya mwisho. Ukisema "nataka unipende", Kiswahili kinageuza "a" ya mwisho kuwa "e": penda, unipende. Kihispania kinafanya kinyume, kinatoa "e" na kuweka "a": quieres, que me quieras. Watu wawili wanaotoka pande tofauti, wanabadilishana herufi kwa sababu ileile, yaani kuomba kitu ambacho huwezi kukilazimisha.

Tulizungumza mambo mengine pia usiku ule, ya fedha, ya mtoto, ya nani anamwonea nani. Hayo ni yetu. Ila nitawaambia tulichokubaliana. Mvua za masika zikianza, Aprili na Mei, hoteli nyingi za Utende hufunga na wageni hupungua. Miezi hiyo yeye atakuja Dar badala ya kukaa kutengeneza boti. Na mimi niliporudi kazini niliandika barua ya kuomba uhamisho kwenda Kilindoni. Majibu bado. Inawezekana yakawa hapana. Lakini safari hii mwenye kusema hapana sitakuwa mimi.

Ukitaka kujaribu na mwenzio

Huhitaji kufumania daftari. Nimejifunza haya:

Chagueni lugha ambayo nyote hamuijui. Kihispania kina wazungumzaji zaidi ya milioni 500 na ni moja ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, hakitawatupa. Cha msingi, hakuna bosi kati yenu.

Anzeni na vitenzi vinavyovunjika: kuwa, kwenda, kutaka. Ndivyo vinavyotumika kila siku, na kwa kutumika sana ndiyo maana vimebaki na visa vyao vya zamani.

Msikariri jedwali tupu. Tungeni sentensi za maisha yenu. Mtashangaa nini kitatoka.

Kosa la mwenzio lisahihishe kwa kalamu, usilisahihishe mbele za watu.

Na ukikuta kitu chini ya mto, kisome mpaka ukurasa wa mwisho.

Kitabu kile cha sarufi kinasema querer limetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kutafuta. Nilimtumia mume wangu ujumbe wiki iliyopita, nipo kwenye foleni ya Mbagala, simu inaishiwa chaji: "¿Me quieres?" Alijibu usiku, alipotoka majini. Hakuandika "te quiero". Aliandika "queremos", ile ya nje ya kiatu.