Kuning'inia Kichwa Chini: Je, Kunatibu Mgongo?

Kila unapofika msimu wa kupandikiza mpunga hapa Madibira, tunapokea wagonjwa wengi walioshika viuno. Wala si ajabu. Skimu yetu, inayopata maji ya mto Ndembera, ina hekta zipatazo 3,000, na mpandikizaji huinama jarubani tangu asubuhi. Baadaye huja kubeba magunia.

Siku hizi tunaulizwa sana juu ya tiba ambayo watu wameiona kwenye simu: mtu hufungwa miguu kwenye meza maalumu, kisha hugeuzwa kichwa chini, miguu juu. Mama mmoja alituambia kwamba wanawe wako tayari kumning'iniza kwa kamba kwenye boriti ya nyumba. Tulipompima, shinikizo la damu lilikuwa 180 kwa 110, naye hakuwa akijua.

Tiba hiyo si ngeni. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita huko Ugiriki, watu walifungwa kwenye ngazi kichwa chini ili wanyoshwe mgongo, na mganga Hippocrates aliwalaumu waliofanya hivyo ili kuwashangaza watazamaji. Hata hivyo, faida ipo. Uzito wa mwili huvuta pingili zikaachana kidogo, na mshipa wa fahamu uliobanwa hupata nafasi. Jaribio la Newcastle, Uingereza, lililochapishwa mwaka 2012, lilionyesha kwamba wengi wa waliopewa tiba hii wakati wakingoja upasuaji wa mgongo waliuepuka. Lakini wagonjwa wote wa jaribio hilo hawakufika 30, nao walichaguliwa na madaktari. Kwa maumivu ya kawaida, nafuu yake ni ya muda mfupi.

Yafaa kufahamu kwamba kichwa kikiwa chini, shinikizo la damu hupanda, na la macho pia. Wenye presha, ugonjwa wa moyo, presha ya macho, waliowahi kupata kiharusi, wajawazito na wazee wenye mifupa dhaifu wasijaribu kabisa. Na kamba ikikatika, mtu huangukia shingo.

Kinachotutia hofu zaidi ni TB ya uti wa mgongo. Pingili zilizoliwa na TB zikivutwa huweza kuvunjika, mtu akapooza. Maumivu yanayodumu pamoja na homa za jioni, jasho la usiku, kukonda au kinundu mgongoni, yapimwe hospitali. Dawa za TB hutolewa bure. Miguu ikikosa nguvu, au mkojo ukitoka bila kuzuilika, mgonjwa aletwe siku hiyohiyo.

Nyumbani, lala chali mkekani, weka miguu juu ya kiti, magoti yakiwa yamekunjwa, kwa dakika 10 hadi 15. Kisha inuka utembee. Kulala kitandani siku nzima hukaza mgongo zaidi. Jarubani, simama ujinyoshe kila umalizapo mstari, na gunia libebwe na watu wawili, hata kama vijana watacheka.