Jinsi vita vya Kongo vilivyozigombanisha Uganda na Rwanda

JUNI 5, 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalianza kupigana kwa mizinga ndani ya mji wa Kisangani, nchini Kongo, mamia ya kilometa kutoka kwenye mipaka yao.

Katika siku sita, makombora zaidi ya 6,000 yaliuangukia mji huo na kuua mamia ya raia, watu ambao hawakuwa na upande katika ugomvi huo.

Ajabu ni kwamba makamanda wengi wa pande hizo mbili walifahamiana tangu ujanani. Wakimbizi wa Rwanda walikuwamo katika jeshi la msituni la Yoweri Museveni lililoingia Kampala mwaka 1986. Fred Rwigyema alifikia kuwa Naibu Waziri wa Ulinzi wa Uganda, naye Paul Kagame alitumikia idara ya ujasusi ya jeshi hilo. Ni kutoka humo walikoondoka kwenda kuivamia Rwanda, Oktoba 1990.

Mwaka 1997 nchi hizo zilimsaidia Laurent Kabila kumng'oa Mobutu Sese Seko. Agosti 1998 zikamgeuka. Hapo ndipo zilipoanza kutofautiana. Kigali ilitaka ushindi wa haraka, hata ikasafirisha askari kwa ndege hadi Kitona, karibu na Atlantiki, ili kuitwaa Kinshasa. Kampala ilipendelea Wakongo wajenge vyama vyao wenyewe.

Mvutano huo ulilipasua kundi la waasi la RCD. Profesa Ernest Wamba dia Wamba, aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliondolewa uongozini Mei 1999, akabaki Kisangani akilindwa na Uganda, huku wenzake wa Goma wakiungwa mkono na Rwanda. Agosti mwaka huo majeshi hayo yakapigana kwa mara ya kwanza.

Almasi za Kisangani nazo zilichochea moto, ingawa wakubwa walipenda zaidi kuzungumzia usalama wa mipaka.

Novemba 2001 Uingereza iliwakutanisha Museveni na Kagame jijini London. Hata hivyo, shaka haikwisha: Februari 2019 Rwanda iliufunga mpaka wa Gatuna, ikaufungua tena Januari 31, 2022.

Siku chache baadaye, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita hivyo. Rwanda haikuguswa, kwani mwaka 2006 mahakama hiyo ilisema haina mamlaka ya kusikiliza kesi dhidi yake.