Je, Wajua? "Table" ya London si ya Washington

Neno la Kiingereza "table", likitumiwa mkutanoni kama kitenzi, lina maana mbili zinazopingana. Uingereza ni kuleta hoja ijadiliwe. Marekani ni kuiweka kando, pengine isirudi tena. Winston Churchill anasimulia katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili kwamba maofisa wa Uingereza walitumia neno hilo kuomba waraka wa dharura ujadiliwe. Wenzao wa Marekani wakaelewa kwamba unaahirishwa. Walibishana muda mrefu, tena kwa ukali, kabla ya kugundua kwamba wote walitaka jambo lilelile! Bunge la Tanzania, lenye hati za kuwasilisha mezani, linafuata matumizi ya Uingereza. Ukiwaandikia Wamarekani, chagua neno jingine.