Je, Wajua? Kani, Masi na Mchapuko

Kwamba F = ma, fomula anayoikariri kila mwanafunzi wa sekondari, haimo kwa sura hiyo katika kitabu alichochapisha Isaac Newton mwaka 1687? Yeye aliieleza kanuni yake ya pili kwa maneno. Mswisi Leonhard Euler ndiye aliyeipa sura ya mlinganyo, mwaka 1750.

Kwamba newton moja ni kani inayoipa kilo moja mchapuko wa mita moja kwa sekunde, kila sekunde? Shika kitu cha gramu 100 hivi kiganjani: uzito unaousikia ni kama newton moja.

Kwamba mfuko wa saruji wa kilo 50 ukifikishwa mwezini unabaki na kilo zake 50? Kinachoshuka ni uzito, kutoka newton 490 hadi 80 hivi. Mchukuzi atapumua, na fundi hapungukiwi hata karai moja.

Kwamba mizani ya kawaida haifai kitu katika kituo cha anga? Huko mwanaanga huvutwa na mtambo kwa kani inayojulikana, mchapuko wake ukapimwa. Gawa kani kwa mchapuko, umepata masi yake.

Kwamba mwaka 1999 chombo cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipofika Mirihi kwa sababu programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa ratili, nyingine ikazisoma kama newton? Mwalimu anayekukata alama kwa kusahau kizio hakuonei.

Na hili je, kwamba mtoto wa kilo 10 anaweza kukuponyoka kama gunia la kilo 150? Gari liko kwenye kilomita 54 kwa saa, yaani mita 15 kwa sekunde, nawe umempakata. Dereva akisimama polepole, kwa sekunde 5, mwendo unapungua mita 3 kwa sekunde, kila sekunde. Zidisha kwa 10: newton 30, unamzuia bila taabu. Gari likigonga ukuta na kusimama kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, 3 inakuwa 150, na newton 30 zinakuwa 1,500. Masi ni ileile, kasi ya mwanzo ni ileile. Muda tu ndio uliofupika. Mapenzi ya mzazi hayaingii katika fomula. Mfunge mtoto kwenye kiti chake, hata kama safari ni ya hapo sokoni tu.