Ua la Rweya Halina Mnyauko

Kila ifikapo Juni, masika yakiisha kuviaga vilima vya Karagwe na Kyerwa, huniandama swali moja: "Bwana shamba, ua langu la zambarau limeshikwa na mnyauko; nilitie dawa gani?" Nimelijibu mara zisizo idadi, nami nalijibu tena kwa matumaini haba kwamba litakoma: gladiola yako ya mwituni haina mnyauko wala haihitaji dawa, imelala.

Khofu hiyo naijua ilikotoka. Mtu aliyekishuhudia kibanja chake kikiteketea, tangu mnyauko wa migomba ulipobainika Muleba mwaka 2006, haoni jani la manjano asishtuke. Lakini bakteria auletaye ni adui wa migomba na jamaa zake, na gladiola si jamaa ya karibu ya mgomba.

Linaloniudhi hasa ni ile tiba inayosifiwa magulioni: majivu, mkojo wa ng'ombe uliovundikwa, samadi mbichi ya zizini, kisha ndoo ya maji kila magharibi mpaka ua "lifufuke". Ewe msomaji, lifukue tunguu lililotibiwa hivyo, ulibonyeze kwa kidole gumba: litapasuka likatoa uji mweusi unaonuka. Kisha lifukue la jirani ambaye, kwa ajizi yake, hakulitia kitu: chini utaliona tunguu la mwaka jana limesinyaa, na juu yake limekaa jipya, gumu, limevaa ganda kavu la nyuzinyuzi, na ubavuni mwake vijitunguu vidogo mfano wa dengu. Basi yale majani uliyoyalilia yalikuwa kazini msimu mzima yakililisha tunguu hilo jipya. Madhali kazi imekwisha, yamekauka kwa haki yao. Maji ya kiangazi hayaliamshi tunguu lililolala, bali huwaamsha kuvu wanaoliozesha; mkojo na samadi mbichi huliunguza, na hata lisipoungua, naitrojeni iliyozidi hukuzalia majani mengi bila ua. Hiyo ndiyo dawa mnayouziana.

Ghalati ya pili ni kulipanda chini ya migomba, penye kivuli na matandazo yasiyokauka, ilhali hili ni ua la rweya, yaani la mbuga ya nyasi, lililozoea jua kali, udongo usiotuamisha maji, na Julai isiyo na tone.

Yaliyobaki ni mepesi. Panda Septemba mvua zianzapo, juani, kwenye mteremko au tuta lililoinuliwa, kina cha sentimita kumi hivi. Udongo wa mfinyanzi uchanganye na mchanga. Ukilikata ua, liachie majani yasiyopungua manne. Yakianza kuwa manjano, acha maji. Tunguu liache ardhini kama pakavu. Kama pana unyevu, ling'oe, likaushe kivulini, ulitie kapuni, na panya usiwasahau. Penye fuko, zungushia wavu wa chuma chini ya ardhi. Katika Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, zilizotangazwa mwaka 2019, usichimbue kitu, kwani sheria imekataza. Omba vijitunguu kwa jirani, au panda mbegu, na kwa vyote viwili usitazamie ua kabla ya misimu miwili mitatu. Asiyeweza kusubiri, na apande alizeti.