Saratani ya Kifuko cha Nyongo: Matundu Madogo au Mpasuo Mkubwa?

Ukila biriani ya harusi hapa Mji wa Kale, kisha usiku ukashikwa na maumivu makali chini ya mbavu za kulia yakapanda hadi begani, huenda una vijiwe katika kifuko cha nyongo. Kifuko hicho hukaa chini ya ini. Vijiwe vikizidi kusumbua, tiba ya kudumu ni kukitoa, na mtu huishi vyema bila ya hicho.

Mara chache, maabara hugundua saratani changa ndani ya kifuko kilichotolewa kwa sababu ya vijiwe tu. Je, ni upasuaji upi ulio bora kwa saratani kama hii?

Katika upasuaji wa kawaida, daktari hukata chini ya mbavu mpasuo wa sentimita 15 hivi, na mgonjwa hulazwa siku kadhaa. Katika ule wa matundu, hutoboa matundu manne hivi, akaingiza kamera na vyombo vyembamba. Wengi huenda nyumbani kesho yake. Erich Mühe wa Ujerumani alitoa kifuko cha nyongo kwa njia hii mwaka 1985, na leo inapatikana hata hapa kisiwani Mombasa.

Katika miaka ya 1990 madaktari waliingiwa na hofu walipoona saratani ikiota kwenye matundu yaleyale. Kifuko kikipasuka, nyongo humwagika na kusambaza chembechembe za saratani tumboni. Ndiyo sababu sasa hutiwa ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuvutwa nje. Kikitoka kizima, na saratani ikiwa kwenye utando wa ndani pekee, matokeo ya njia hizi mbili hayatofautiani sana, na wagonjwa wengi hupona. Lakini ikiwa imefika kwenye misuli ya kifuko, mara nyingi mgonjwa hushauriwa apasuliwe tena, atolewe kipande cha ini na tezi za karibu. Kazi hiyo huhitaji bingwa aliyeizoea, na wengi bado huifanya kwa mpasuo mkubwa.

Basi, iwe utapasuliwa Hospitali Kuu ya Pwani au hospitali ya kibinafsi, zingatia haya:

Kwanza, mpe daktari picha zako zote za altrasaundi. Ukuta mnene au uvimbe ndani ya kifuko ni jambo la kujulikana kabla ya kisu.

Pili, daktari akianza kwa matundu kisha akapasua, usidhani ameshindwa. Huenda amefanya hivyo kwa usalama wako.

Tatu, hakikisha kifuko kimepelekwa maabara. Wengine hufurahia kupewa vijiwe vyao ndani ya chupa, wakasahau kifuko chenyewe. Usitoke hospitalini kabla ya kuuliza siku ya kurudi kuchukua majibu.